Baraza Lisilo na Mwenyekiti

Norman Abramson hakuficha kilichompeleka Hawaii. Alikuwa mhandisi aliyefundisha California, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akahamia Chuo Kikuu cha Hawaii kwa sababu ambazo mojawapo aliitaja waziwazi: alipenda kupanda mawimbi ya bahari kwa ubao. Kazini alikuta tatizo ambalo mtu wa Mafia au Lamu hahitaji kuelezwa kirefu. Kompyuta kubwa ya chuo ilikuwa Honolulu, kisiwani Oahu. Matawi ya chuo yalikuwa kwenye visiwa vingine, na kati yao ni bahari tupu. Laini za simu zilikuwa ghali, tena zenye kelele nyingi mno kwa kazi ya kompyuta.

Abramson na wenzake wakageukia redio. Mtandao wao ulianza kazi Juni 1971, wakauita ALOHAnet, kwa salamu ya Kihawaii ya kukaribishana na kuagana. Kituo cha katikati wakakipa jina la Menehune, wale viumbe wadogo wa ngano za huko wanaosemekana kujenga usiku watu wamelala. Kasi ilikuwa biti 9,600 kwa sekunde. Picha moja ya simu ya leo ingetumia zaidi ya nusu saa kupita. Masafa yalikuwa mawili. La kwanza lilitoka Honolulu kwenda kwa wote, na hilo halikuwa na taabu, maana msemaji alikuwa mmoja. La pili lilitoka kwa wote kwenda Honolulu. Hapo ndipo ilipoanzia historia yote ya kitu ambacho leo tunakiita wai-fai.

Swali lilikuwa la kawaida kabisa: watu wengi, hewa moja, nani aseme lini? Njia iliyozoeleka ilikuwa kumpa kila mmoja zamu yake au kipande chake cha masafa. Lakini mtu aliyekaa mbele ya kompyuta hukaa kimya muda mrefu, kisha huandika mstari mmoja, kisha akanyamaza tena. Ukimtengea zamu, sehemu kubwa ya zamu hiyo inapotea bure. Abramson akatoa jibu lililoonekana la kihuni: kila mmoja aseme anapotaka. Kama ujumbe umefika, Menehune atajibu kwamba umefika. Kama jibu halikuja, basi umegongana na wa mwingine hewani. Subiri kidogo, rudia. Na hapo kwenye kusubiri ndipo alipoweka akili yake: kila mmoja asubiri muda wa kubahatisha. Kila aliyewahi kukutana uso kwa uso na mtu kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe anajua kwa nini. Wote wakipisha upande mmoja kwa wakati mmoja, watagongana tena na tena. Mmoja akichelewa, njia inapatikana.

Hesabu yake mwenyewe ilionyesha kwamba kwa utaratibu huo hewa ingetumika vizuri kwa asilimia 18 tu, hata hali ikiwa nzuri kabisa. Mwaka 1972 Larry Roberts alipendekeza muda ukatwe vipande sawa na kila mtu aanze kusema mwanzoni mwa kipande tu, na asilimia ikapanda hadi karibu 37. Karani wa hesabu angeona ni hasara tupu. Lakini mtandao huo haukuhitaji wa kumgawia kila mtu zamu, na mgeni aliyeingia leo alisema leo leo.

Kijana mmoja aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu Harvard, Robert Metcalfe, alisoma makala ya Abramson, akaichambua, akasafiri hadi Hawaii kujionea. Mwaka 1973, akiwa kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto, aliichukua fikra ile akaitia ndani ya waya na kuiita Ethernet. Aliongeza adabu mbili: sikiliza kabla ya kusema, na endelea kusikiliza unaposema, ili mkigongana mnyamaze mara moja. Fikra iliyozaliwa hewani ikaishi ndani ya waya karibu miaka kumi na mitano. Irudipo hewani tena, itakuwa kwa sababu ya watu wa madukani.

Kabla ya hapo ilihitajika hewa yenyewe. Nchi zote hugawa masafa ya redio kama viwanja: hiki cha televisheni, hiki cha ndege, hiki cha jeshi, na bila leseni huingii. Ndani ya Tume ya Mawasiliano ya Marekani alikuwamo mhandisi Michael Marcus, aliyeamini kwamba baadhi ya hewa inaweza kuachwa wazi kwa kila mtu. Tarehe 9 Mei 1985 tume ilikubali, ingawa wenye viwanda vya redio walinuna. Sehemu zilizotolewa hazikuwa za kugombewa. Zilikuwa zimetengewa mitambo ya viwandani, ya hospitali, na majiko ya maikrowevu, ambayo huvuma kwenye masafa ya gigahezi 2.4 na kuharibu kila kinachopita karibu. Masharti yalikuwa machache: mawimbi yatawanywe juu ya masafa mapana, nguvu isizidi wati 1, na ukisumbuliwa usilalamike. Huko kutawanya mawimbi kulikuwa hadi wakati huo siri ya majeshi. Watu hupenda kusimulia kwamba kulianzishwa na mwigizaji wa sinema Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil, waliopewa hataza mwaka 1942. Hataza ipo kweli, lakini kutoka pale hadi simu yako ni safari ndefu kuliko masimulizi yanavyodai.

Kampuni iliyowahi uwanja huo ilikuwa NCR ya Dayton, Ohio, watengenezaji wa mashine za kupokelea pesa madukani. Maduka makubwa hupenda kuhamisha bidhaa: leo viatu hapa, kesho vyombo. Kila meza ya keshia ilipohama, fundi aliitwa kupasua sakafu na kupitisha waya upya. NCR ikauliza wahandisi wake wa karibu na Utrecht, Uholanzi, kama mashine hizo zinaweza kuunganishwa kwa redio. Jibu likawa kifaa kilichoitwa WaveLAN, kilichoingia sokoni Marekani mwaka 1990, kikipitisha megabiti 2 kwa sekunde.

Kifaa kimoja cha kampuni moja hakitoshi, na NCR walijua. Mwenye duka hanunui kitu ambacho kesho hakitazungumza na kingine. Wakamtuma Vic Hayes, mtu wao wa viwango, pamoja na mhandisi Bruce Tuch, kwenye Taasisi ya Wahandisi wa Umeme na Elektroniki, IEEE, ambayo kamati yake namba 802 ndiyo iliyosimamia viwango vya mitandao. Walianza kwa kujibanza ndani ya kamati iliyokuwapo, 802.4, ya mitandao ya viwandani. Humo kompyuta zilipokezana kibali cha kusema, kama vijiti vya mbio za kupokezana. Hewani kibali hicho hupotea njiani, na kikipotea wote wanaduwaa. Mwaka 1990 ikaundwa kamati mpya, 802.11, na Hayes akawa mwenyekiti wake kwa miaka kumi.

Kamati za IEEE zina tabia zake. Mtu hupiga kura kwa jina lake, si kwa jina la kampuni, na haki ya kura huipata kwa kuhudhuria vikao. Jambo la kiufundi halipiti bila asilimia 75. Kwa hiyo kundi dogo lenye hasira linaweza kuzuia kila kitu, na yalikuwapo makundi ya namna hiyo kwa wingi.

Ugomvi mkubwa ulikuwa uleule wa Hawaii. IBM walitaka kila mtandao uwe na kituo kikuu kinachogawa zamu: wewe sasa, wewe baadaye, wewe ngoja. NCR, pamoja na Symbol na Xircom, walitaka kila kifaa kijiongoze chenyewe kwa kusikiliza na kubahatisha. Hoja ya IBM ilikuwa na nguvu, kwa sababu utaratibu wenye zamu haupotezi hewa na kila mtu anajua atasema lini. Hoja ya wapinzani wao ilikuwa ya uwanjani. Hewa isiyo na leseni haina mwenyewe. Jirani yako ataleta mtandao wake, na mwenyekiti wake hatamsikiliza mwenyekiti wako. Mwaka 1993 pendekezo la kujiongoza likashinda. Utaratibu wa zamu uliachwa ndani ya kiwango kama jambo la hiari, na karibu hakuna aliyeutumia.

Utaratibu ulioshinda unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu mifupa yake bado imo ndani ya simu uliyonayo. Redio haiwezi kufanya kama Ethernet, kusema huku ikisikiliza kama kuna mgongano. Sauti yako mwenyewe inakuziba masikio: mawimbi unayotoa yana nguvu mara mamilioni kuliko yale yanayokufikia. Kwa hiyo kifaa husikiliza kwanza. Hewa ikiwa kimya kwa mikrosekunde 50, kifaa hakisemi papo hapo. Huchagua namba ya bahati kati ya 0 na 31, kisha hurudi nyuma kuhesabu, kila namba ikiwa mikrosekunde 20. Mwingine akianza kusema katikati, husimamisha hesabu na kuiendeleza baadaye pale ilipoishia, kisije kikaonewa kwa kurudishwa mwisho wa foleni. Kikifika sifuri kinasema. Jibu la "imefika" lisipokuja, huongeza upana wa bahati mara mbili, na tena mara mbili, hadi 1,023. Hivyo wasemaji wakiwa wengi, kila mmoja hujipunguza bila kuamriwa.

Na hilo jibu la "imefika" linapitaje kwenye umati? Kifaa kinachojibu husubiri mikrosekunde 10 tu. Wengine wote wanalazimika kungoja 50. Kabla ya yeyote kufungua mdomo, jibu limekwisha kupita. Sioni sehemu nyingine ya kiwango hiki iliyobuniwa kwa akili nzuri kama hii, ingawa haina chochote ndani yake zaidi ya subira isiyolingana.

Kulibaki tatizo la wale wasiosikiana. Fikiria ruta katikati ya ukumbi, simu moja kila upande, na ukuta kati yao. Kila simu inasikia kimya, kila moja inasema, na ruta inapata vurugu. Dawa yake ilikuwa imekwisha kufikiriwa mwaka 1990 na Phil Karn, mpenzi wa redio za ridhaa: anayetaka kusema hupiga hodi kwa ujumbe mfupi, na aliye katikati hujibu karibu. Asiyesikia hodi atasikia karibu, na atanyamaza.

Kiwango cha 802.11 kiliidhinishwa mwaka 1997, miaka saba baada ya kamati kuanza. Kwa utaratibu wa kusema kilikuwa bora. Kwa aina ya mawimbi kilikuwa aibu. Kamati ilishindwa kuchagua, ikaweka njia tatu kwa pamoja: mawimbi yanayorukaruka kutoka masafa hadi masafa, mawimbi yaliyotandazwa, na mwanga usioonekana kama ule wa rimoti ya televisheni. Kasi ilikuwa megabiti 1 au 2. Kampuni mbili zingeweza kutii kiwango kwa uaminifu na vifaa vyao visielewane hata neno moja. Huko Ulaya walikuwa na kiwango chao, HiperLAN. Huko Marekani kundi jingine lilikuwa likisukuma HomeRF. Mwaka 1998 mtu mwenye busara asingeweka dau kwa 802.11.

Mwaka 1999 ukageuza mambo. Tarehe 21 Julai, jijini New York, Steve Jobs alipanda jukwaani na kompyuta mpya ya Apple iitwayo iBook, akafungua kurasa za intaneti, kisha akainyanyua na kuipitisha ndani ya pete kubwa ya mchezo wa watoto ili watu waone kwamba haina waya. Kadi ya redio iliuzwa dola 99 na kituo chake dola 299. Teknolojia ya ndani ilitoka kwa wale wale wahandisi wa Uholanzi, ambao kwa kununuliwa na kugawanywa kwa makampuni walikuwa sasa chini ya Lucent. Kiwango chenyewe, 802.11b, chenye megabiti 11, kiliidhinishwa Septemba, miezi miwili baada ya Jobs kukionyesha.

Mwaka huohuo kampuni sita, Lucent na Nokia zikiwamo, zilianzisha umoja wa kupima vifaa ili vya kampuni hii vielewane na vya kampuni ile, kazi ambayo kamati iliiacha wazi. Walihitaji jina, maana hakuna mama anayemwambia muuzaji nipe 802.11b. Kampuni ya Interbrand ikawapa Wi-Fi. Phil Belanger, mmoja wa waanzilishi, ameeleza baadaye kwamba neno hilo si ufupisho wa chochote. Lilichaguliwa kwa sababu linaimbika kama hi-fi ya watu wa muziki. Baadhi ya wanachama waliogopa jina lisilo na maana wakalitungia kauli ya kulifafanua. Kauli ilifutwa, lakini maelezo yale ya kubuni bado yanafundishwa madarasani hadi leo.

Pamoja na 802.11b kulitoka ndugu yake, 802.11a, mwenye megabiti 54 kwenye masafa ya gigahezi 5. Huyu alipambana na mwangwi. Ndani ya nyumba mawimbi hugonga kuta, na mwangwi wa silabi ya kwanza hufunika silabi ya pili, hivyo kadiri unavyosema haraka ndivyo unavyoeleweka kidogo. Dawa ni kuacha kusema haraka: gawa ujumbe kwa wasemaji 48, kila mmoja kwa sauti yake, wote kwa pamoja na wote polepole, na kila baada ya silabi wape nafasi ndogo mwangwi ufe.

Katika njia hii kuna mkono wa Australia. John O'Sullivan wa shirika la utafiti CSIRO alikuwa mtafiti wa nyota. Katika miaka ya 1970 alitafuta, bila kufanikiwa, milipuko ya mashimo meusi madogo aliyoyatabiri Stephen Hawking, na hesabu za kusafisha mawimbi alizozizoea huko zilimsaidia yeye na wenzake kupata hataza ya Marekani mwaka 1996. CSIRO baadaye ilizishtaki kampuni kubwa za kompyuta na simu, na kwa mapatano ya mwaka 2009 na 2012 ikapata zaidi ya dola milioni 430 za Australia. Waaustralia husema walivumbua Wi-Fi. Hapo wanavuka mpaka: 802.11b, iliyoieneza Wi-Fi duniani, haikutumia njia hiyo kabisa. Lakini karibu kila kilichofuata kiliitumia.

Doa kubwa la historia hii ni ufunguo. Kiwango cha 1997 kiliahidi faragha sawa na ya waya, na kamati iliweka ufunguo wa biti 40, kwa sababu sheria za Marekani za wakati huo zilizuia kuuza nje siri ngumu zaidi. Ubaya mkubwa ulikuwa kwenye namna ufunguo ulivyochanganywa: namba ya kuubadilisha kwa kila pakiti ilikuwa na biti 24 tu, na kwenye mtandao wenye shughuli namba hizo hujirudia baada ya saa chache. Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha jinsi ya kuutoa ufunguo kwa kusikiliza tu. Dawa ya muda ilikuja 2003, ya kudumu 2004. Wengi hawakuhangaika kubadili. Januari 2007 kampuni ya maduka ya TJX ilitangaza kuibiwa, na kadi za benki zisizopungua milioni 45.7 zilihusika. Wezi walipenya kupitia mtandao wa redio wa duka uliolindwa kwa ufunguo ule wa zamani. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya meza za keshia kikawa mlango wa kuingilia kwenye meza hizohizo.

Kuanzia hapo hadithi ya kasi inaenda upesi. Mwaka 2003 802.11g ilileta megabiti 54 kwenye masafa ya zamani ya 2.4. Mwaka 2009, baada ya vita vya kamati vilivyochukua miaka sita, 802.11n ilileta antena nyingi kwa wakati mmoja, na mwangwi uliokuwa adui ukageuzwa njia ya ziada ya kupitishia ujumbe. Watengenezaji walichoka kungoja. Kuanzia 2007 vifaa viliuzwa kwa kufuata rasimu. Mwaka 2013 ikaja 802.11ac.

Kasi hizo zilificha ugonjwa wa baraza. Utaratibu wa bahati humpa kila mmoja nafasi sawa ya kusema, lakini haumuulizi atasema kwa muda gani. Simu moja iliyo mbali, inayosema kwa megabiti 1, humaliza muda ambao jirani yake angepitishia mara hamsini. Wote hushuka hadi mwendo wa yule wa polepole. Zaidi ya hayo, masafa ya 2.4 yana njia tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Kwenye ghorofa ninayokaa simu yangu huorodhesha mitandao ishirini na kitu, yote ikisikilizana, yote ikihesabu kurudi nyuma. Viwanja vya mpira na vituo vya treni vilikuwa vibaya zaidi. Muda mwingi ulikwisha katika kupishana.

Basi IBM ya 1993 ikarudi kwa mlango wa nyuma. Kiwango cha 802.11ax, kinachouzwa kwa jina la Wi-Fi 6, kinairuhusu ruta kuwa mwenyekiti kamili. Hukata njia ya kawaida vipande hadi tisa, hutangaza nani ashike kipi, kwa nguvu kiasi gani na kwa muda gani, na wote huanza kusema kwa pamoja bila kugongana. Mwaka 2020 Marekani ilifungua masafa mapya ya gigahezi 6, megahezi 1,200 kwa mkupuo, ambako vifaa vya zamani visivyojua mwenyekiti havikuwahi kufika.

Ila mwenyekiti humpa zamu anayemjua. Mgeni aliyeingia sasa hivi hana jina kwenye orodha. Kwa ajili yake kiwango kinaacha vipande vichache visivyo na mwenyewe: mgeni huchagua namba ya bahati, huhesabu kurudi nyuma, huingia kwenye kipande kimojawapo mwanzoni mwa muda uliopangwa, na akigongana na mwenzake huongeza upana wa bahati na kurudia. Hiyo ni ALOHA ya Abramson pamoja na vipande vya muda vya Roberts, karibu bila kuguswa.

Norman Abramson alifariki San Francisco tarehe 1 Desemba 2020, akiwa na miaka 88. Kiwango cha 802.11ax kiliidhinishwa Februari iliyofuata.